Upele wa Kiangazi

Zombe,
2 Septemba 1984

Baba Syokau,

Nimekaa nje ya jiko niandike kabla jua halijawa kali. Watoto wako na mimi tuko, ila mbuzi wamebaki wale wachache wenye nguvu ya kutembea mpaka mtoni na kurudi. Mahindi ya njano yalifika kwa chifu Alhamisi, tukapanga foleni tangu alfajiri. Muli wetu aliyakataa, akasema yananuka gunia. Jioni alikula.

Sasa kuna jambo naona haya kukuandikia, lakini wewe ni mume wangu. Najikuna. Ilianza mwisho wa Agosti katikati ya vidole, nikafikiri ni majivu na sabuni mbaya. Halafu ikaja kiunoni pale kamba ya sketi inapobana, na chini ya matiti, na mahali pengine ambapo sitaandika. Mchana kuna nafuu. Nikilala tu, ni kama mtu amenimwagia upupu. Syokau pia ameanza, na Muli.

Ulikuwa hapa mwisho wa Julai. Kabla ya hapo sikuwa na kitu. Nakuuliza tu, bila ugomvi: na wewe unajikuna? Nani anakufulia nguo huko? Shati lako la kijani ulilokuja nalo lilikuwa limepigwa pasi vizuri, nami najua wewe na pasi hamjuani.

Unijibu upesi. Barua utume kwa sanduku la duka la Mahamud kama kawaida.

Ni mimi,
Mama Syokau


Kibwezi,
15 Septemba 1984

Mama Syokau,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima kabisa, wala sijikuni hata kidogo. Mto umepungua lakini pampu ya shamba bado inavuta, na meneja hana neno na mimi. Pesa ni kidogo mwezi huu kwa sababu wanakata za vifaa. Shati nililipiga pasi mimi mwenyewe, niliazima pasi ya jirani.

Sasa mimi pia nina swali. Musyoka alipita hapa Jumanne na lori lake. Nilimnunulia chai, na unajua mdomo wa Musyoka ukipata chai. Anasema unachota maji kwa Mahamud, tena unaingia kwa mlango wa nyuma, si wa duka kama wateja wengine. Anasema alipita kwetu kuwasalimia, akaona makubadhi ya mwanamume mlangoni na kikoi kimeanikwa kwenye kamba. Mimi sina kikoi. Tangu nizaliwe sijavaa kikoi.

Sijasahau mwaka ule Mahamud alikupa leso ya Krismasi mbele ya watu, akasema eti ni zawadi kwa mteja mzuri. Kuna wateja wangapi Zombe, na leso alitoa ngapi?

Mtu anayejikuna, na kikoi kwenye kamba. Wewe jumlisha.

Barua zangu sasa nitampa Musyoka mkononi. Sitaki zipite tena kwa sanduku la mtu huyo.

Nzomo


Kibwezi,
16 Septemba 1984

Dada yangu Kavata,

Najua utasema nakukumbuka nikiwa na shida. Ni kweli, na leo nina shida.

Ninajikuna usiku mpaka damu. Nimemwandikia Muthoki kwamba niko mzima, kwa sababu yeye pia anajikuna na anataka kunitupia mimi lawama. Wewe ni nesi. Niambie ukweli kama unavyowaambia watu hapo Tawa: upele huu mwanamke aliyeolewa anaupata wapi? Mimi sijalala na mwanamke mwingine, na hilo naapa kwa mama yetu. Nilienda nyumbani Julai, nikakaa siku chache, na sasa niko hivi. Kuna Msomali mwenye duka karibu na kwetu. Siandiki zaidi.

Jambo lingine ni la siri. Shamba lilifungwa mwezi wa sita. Mto ulibaki vidimbwi na pampu ikawa inavuta tope, tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa mvua ikija. Sikurudi kukaa nyumbani. Ningesema nini? Wanaume wa Zombe wote wamekaa kivulini wakingoja mahindi ya chifu, na mimi ndiye nilikuwa nimeandikwa kazi. Ninapakia na kupakua malori hapa barabara ya Mombasa. Tunalala kwa Mama Kiema anayetupikia, nyuma ya stendi, wanaume wengi kuliko vitanda. Mmoja akiamka kwenda kupakia, mwingine anaingia kwenye joto lake. Muthoki asijue. Nikimwambia nimekuwa hamali, atapata sababu ya kumtazama mwenye duka mara mbili.

Nitumie dawa.

Ndugu yako,
Nzomo


Tawa,
24 Septemba 1984

Mwana wa mwaitu, ndugu wa tumbo moja,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana hapa hakuna nafasi ya kukaa. Tangu uoe hujaniandikia barua ya kurasa mbili. Mke wako ndiye alikuwa anapata kurasa. Leo nimepata mimi, na ni kwa sababu ya upele. Haya.

Umeniomba ukweli. Upele ni mdudu mdogo ambaye macho hayamwoni. Anachimba chini ya ngozi na kutaga mayai humo, na anahama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, ngozi ikikaa juu ya ngozi. Miaka yote niliyokaa hapa nimeuona ukija na baridi ya Juni na Julai. Huwashika watoto wa shule, wale wanaobanana wapate joto. Jua la Septemba likiwaka unapungua, na mvua ya Novemba ikija tunausahau. Watu wazima huwa ni wachache. Mtu mzima akija peke yake, wakati wa joto, na vipele viko sehemu zile za siri, sisi tunafunga mlango na kumuuliza analala na nani.

Sikutaka kuandika hivyo kuhusu Muthoki. Lakini wewe ndiye ndugu yangu, na yeye nilimpokea tu.

Kuhusu kazi, ni vibaya kumficha, lakini siri ni yako. Dawa siwezi kuituma kwa mkono wa mtu, chupa zinavunjika njiani. Njoo uichukue.

Kavata


Zombe,
28 Septemba 1984

Wifi yangu Kavata,

Nakuandikia nikijua wewe ni wa upande wa Nzomo, lakini hapa sina nesi mwingine. Dispensari yetu haina dawa tangu Agosti.

Ninajikuna mimi na watoto. Nilimuuliza Nzomo, akajibu kwamba yeye ni mzima, halafu akanitukana kwa ajili ya Mahamud. Nilishikwa na hasira nikamuuliza Musyoka ameona nini huko Kibwezi, kwa maana Musyoka hubeba habari kwenda na kurudi. Akacheka. Akasema Nzomo hakai tena kwenye nyumba za shamba. Amehamia nyuma ya stendi kwa mwanamke mmoja anaitwa Mama Kiema, ndiye anampikia. Tena anasema alimwona Nzomo akijikuna chini ya meza akinywa chai. Basi ananidanganya. Ana upele, na ana mwanamke, na shati ni huyo mwanamke alipiga pasi! Wifi, mimi nimekula mbegu zangu za kupanda ili watoto walale wameshiba, na mume wangu anapikiwa.

Nawe uniambie: huo upele mtu mzima anautoa wapi?

Kuna kitu nataka ukijue, ila usimwambie. Mwezi wa saba, Nzomo alipoondoka tu, dada yake Mahamud alifika kutoka kaskazini. Anaitwa Nadifa. Mumewe alikufa, ng'ombe wao wakaisha wote kwa kiangazi, akatembea na watoto mpaka akapata lori la chumvi. Nyumba ya Mahamud ilikuwa imeshajaa watu wa kwao, wanalala mpaka dukani katikati ya magunia. Arbaco, mke wa Mahamud, akaniomba nimpe Nadifa mahali, na mimi nichukue maji kwa tangi lao, yale yanayoletwa na lori. Nilikubali kwa sababu ya maji. Sasa ninakubali kwa sababu yake. Tunalala kwenye chumba kimoja, watoto wake na wangu mkeka mmoja. Makubadhi ambayo Musyoka aliyaona ni ya marehemu mumewe. Viatu vyake vilikatika njiani, akavaa hayo. Kikoi ni cha marehemu pia, wanajifunika watoto.

Ningemwambia Nzomo, lakini yeye akisikia jina la Mahamud masikio yanaziba. Angesema maji hayo tuache. Tuache tunywe nini?

Nijibu wewe kwa sanduku la duka.

Muthoki


Kibwezi,
4 Oktoba 1984

Mahamud,

Hii si barua ya salamu. Nimeelezwa na mtu anayejua magonjwa. Najua mke wangu ana upele wa aina gani na najua unatoka wapi. Maji yako anayoyachota kwa mlango wa nyuma ameyalipia na nini?

Unafikiri kwa sababu niko mbali, basi nyumba yangu haina mwenyewe. Nikija Zombe sitakuja kununua sukari. Nitakuja na wazee wa kwetu, na duka hilo utalifunga urudi ulikotoka. Na kama wazee hawataki kuja, nitakuja mimi pekee, na hapo itakuwa mbaya zaidi.

Nzomo


Zombe,
11 Oktoba 1984

Bwana Nzomo,

Barua yako nimesoma mara mbili. Mara ya kwanza niliiweka chini nikaenda nje kupunga hewa. Mara ya pili nikampa mke wangu Arbaco, kwa sababu yeye alikuwa na maneno kama hayo hayo.

Acha nikueleze. Mimi pia najikuna. Nakuna mbele ya wateja, napima maharagwe na huku nakuna. Arbaco aliona vipele tumboni mwangu akasema nimeoa mke wa pili kule Garissa nilipoenda mwezi wa tano, na nimeleta zawadi yake nyumbani. Alikaa siku nyingi bila kunipikia. Nikala mkate na soda kwenye duka langu mwenyewe. Halafu na yeye akaanza kujikuna, akanyamaza. Sasa nyumba nzima yangu inakuna: wazee, vijana, mama yangu ambaye hata macho hana tena.

Nyumbani kwako yuko dada yangu Nadifa na watoto. Mke wako aliwachukua wakati ndugu zangu wa damu walisema hawana nafasi. Maji analipia hivyo. Mlango wa nyuma ndio mlango wa wanawake kwetu, mama yangu anakaa hapo. Mke wako amemwambia Arbaco yote uliyomwandikia: makubadhi hayo ni ya shemeji yangu, Mungu amrehemu. Nilimfahamu. Alikuwa mtu mpole kuliko wewe na mimi.

Leso ile nilimpa kwa sababu alinunua kwangu sufuria iliyokuwa na tundu, akarudi kunionyesha tundu bila kelele, akaziba mwenyewe. Kama ilikuwa vibaya, samahani.

Umesema nirudi nilikotoka. Mimi nilizaliwa hapa Zombe. Baba yangu alimuuzia baba yako ng'ombe wa mahari. Ukija, njoo mchana, mlango uko wazi.

Mahamud


Tawa,
20 Oktoba 1984

Kwa Nzomo, Kibwezi, na kwa Muthoki, Zombe,

Barua hii nimeiandika mara mbili, maneno ni yale yale, ili asitokee mmoja wa kusema mwingine ameambiwa zaidi. Nyote wawili mmeniambia siri na nyote mkasema nisimwambie mwenzake. Siri zenu sizitoi. Lakini nyumba hii haiwezi kupona mkiendelea kuzificha, na sisemi mambo ya moyo, nasema upele.

Nilimwandikia Nzomo mwezi uliopita vile nilivyofundishwa na vile nilivyoona miaka yote: kwamba upele ni wa watoto na ni wa baridi. Mwaka huu sivyo. Nilidhani Septemba utapungua. Uliongezeka. Sasa ni Oktoba, jua linapasua mawe, na foleni hapa nje inafika kwenye mti wa barabara, na wengi ni watu wazima. Nimewaona mabibi waliokuwa na upele mara ya mwisho wakiwa wasichana. Nimewaona wanaume wenye ndevu nyeupe, na mchungaji wa kanisa letu na mkewe, na hao nikifunga mlango nitawauliza nini?

Nilianza kuwauliza wote swali lingine. Sikuuliza unalala na nani, niliuliza mnalala wangapi. Hapo ndipo nilielewa. Huyu amechukua watoto wa dada yake waliokosa chakula. Yule analala kwenye bohari akilinda mahindi, na wenzake wamebanana kwenye turubai moja. Wengine wamehamia kwa mkwe mwenye kisima. Kiangazi kimewasukuma watu wote wakalala pamoja, na maji ya kunywa yamepungua, sembuse ya kuoga. Mdudu hajali kama ni baridi au joto. Yeye anataka ngozi iliyo karibu. Siku hizi na ngozi za watu wazima ziko karibu.

Na msiniulize nani alimletea mwenzake. Mtu akiupata mara ya kwanza hukaa mwezi na zaidi kabla ya kuanza kuwashwa. Kila mmoja wenu alikuwa mahali penye watu wengi. Pengine ni huku, pengine ni kule, pengine mlipeana kila mmoja wa kwake. Hatutajua.

Dawa ni hii nyeupe ya maji maji, ninayo ya kutosha kwa nyumba mbili. Inapakwa kutoka shingoni mpaka nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, mgongo wote, na pale mnapoona haya. Usioge mpaka kesho yake, halafu urudie. Nguo na blanketi chemsheni. Maji yasipotosha, zifungeni ndani ya gunia, ziwekwe juani wiki nzima. Na wote wapakwe siku moja. Wote! Akibaki mtu mmoja ambaye hajapakwa, atawarudishia wengine. Kwa hiyo nyumba ya Mahamud na nyumba ya Nzomo, kwa jambo hili, ni nyumba moja. Siku ni Jumamosi, tarehe tatu Novemba, isiingilie Ijumaa yao wala Jumapili yenu.

Nzomo, wewe unapitia hapa kuchukua chupa, halafu unaenda Zombe. Ukifika ongea na mke wako kabla ya kuvua shati.

Muthoki, nilikukosea mahali, na sitaandika wapi. Nikija Zombe nitakuambia nikikutazama.

Kavata


Zombe,
6 Novemba 1984

Dada Kavata,

Dawa uliyonipa ilifika yote, hakuna chupa iliyopasuka. Nimepakwa. Nakuandikia vile ilivyokuwa kwa sababu nisipokuandikia mimi, utaandikiwa na Muthoki.

Nilifika Ijumaa jioni. Yule Nadifa alikuwa mlangoni, mwembamba, amevaa makubadhi makubwa kuliko miguu yake. Aliponiona alichukua watoto wake akasimama kando ya ukuta, kama mtu anayengoja kuambiwa aondoke. Kavata, nilikuwa nimeyachukia makubadhi hayo mwezi mzima. Nilimwambia karibu. Pale mlangoni mimi ndiye niliyekuwa kama mgeni.

Muthoki alinipa maji ya kunawa. Nikamwambia kuhusu shamba hapo hapo, kama ulivyosema.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwezi wa sita."

"Kwa hiyo ulipokuja Julai, ukakaa kwenye kiti hicho ukamwambia Syokau vile pampu inavyonguruma, hukuwa na pampu?"

"Sikuwa nayo."

"Na Mama Kiema?"

"Ana umri wa mama yangu, Muthoki. Anatulaza kama magunia."

"Shati?"

"Alilipiga pasi yeye. Aliwapigia wote waliokuwa wanakwenda nyumbani. Alisema tusiwatie wake zetu aibu."

Alicheka kidogo, halafu akaanza kulia, na mimi sikuelewa nishike kipi. Akasema, "Afadhali ungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningejua nimkasirikie nani. Sasa nimkasirikie mto?" Akaniwekea mkeka jikoni. Nililala huko nimejifunika gunia.

Jumamosi wanawake walipakana nyumbani kwetu, na sisi wanaume kwenye bohari ya Mahamud. Nilikuwa sijakutana naye uso kwa uso tangu nimwandikie barua ya kumtishia. Alikuwa amevua shati, na tumbo lake limekwaruzwa vile langu lilivyo, alama zile zile, mahali pale pale. Nilitaka kuomba msamaha kwa ile barua lakini kulikuwa na wajomba zake na watoto, wote wamevua. Nikajipaka mbele. Mgongo nikawa nazungusha mkono kama mbwa anayetafuta mkia.

"Geuka," Mahamud akasema.

"Nitajipaka mwenyewe."

"Dada yako aliandika mgongo wote. Geuka, Nzomo."

Nikageuka. Alimimina dawa mkononi akanipaka polepole kutoka shingoni mpaka kiunoni, hakuruka mahali. Inachoma ile dawa, na hukuniambia. Machozi yalinitoka, wakafikiri ni dawa tu. Aliponimaliza akanipa mgongo wake, nikampaka. Nilimwambia, "Ile barua niliandika kama mtu aliyekosa akili." Akajibu, "Paka chini ya bega, hapo ndipo panawasha zaidi." Hatukurudia jambo hilo. Nje tulisikia wanawake wakipiga kelele na kucheka, nafikiri ndio walikuwa wamefika pale mahali tunapopaonea haya.

Jumatatu nililala bila kujikuna. Ulituambia kuwasha hakuishi mara moja, lakini kumepungua sana. Bado nalala jikoni, ingawa mkeka umesogezwa karibu na mlango wa chumba.

Kuna kitu kingine, nakuambia wewe tu. Jana Mahamud alikuja kurudisha debe letu, akasimama uani akaongea na Muthoki. Walikuwa wanaongea mambo ya mbegu, nilisikia kila neno. Na bado moyo wangu uliruka. Namjua sasa, nimempaka mgongo, na bado uliruka. Upele mmeniondolea. Hiki kingine sijui kinatibiwa na nini.

Kaskazini kuna mawingu.

Nzomo


Zombe,
29 Novemba 1984

Baba ya watoto wangu,

Mvua imenyesha mpaka mto wa Zombe umekata barabara, na Musyoka amekwama ng'ambo na lori. Nimepanda pojo na kunde. Mbegu nilipewa na Arbaco, tutarudisha tukivuna. Nadifa aliondoka Jumapili na watoto. Kuna mtu wa kwao amesikia nyasi zimeota na anaanza upya na mbuzi wachache. Alinipaka hina mikononi kabla hajaenda. Kanisani wamenitazama vidole ibada nzima. Chumba kimekuwa kikubwa, na Syokau analia usiku akisema kuna baridi upande wake.

Kavata alikuja. Aliniambia alichokuandikia Septemba. Nilimwacha amalize, nikampa chai, nikamwambia wewe ulikuwa unatafuta mtu wa kukuambia hivyo, kama si yeye ungemuuliza hata Musyoka. Alilala kwetu. Tunaelewana, usiulize zaidi.

Barua yako imefika. Unasema mto umejaa, mmeitwa shambani, pampu imewashwa na umerudishiwa nyumba yako. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta uongo. Sikuupata, lakini hata Julai sikuupata, na uliniambia hapa hapa ukinitazama. Hapo ndipo umenifikisha. Wewe ulisikia habari ya makubadhi ukafikiri mwanamume, na kulikuwa na mjane. Mimi nilisikia Mama Kiema nikafikiri mpenzi, na kulikuwa na kikongwe. Wote tulikosea. Lakini mimi nilikuficha mtu niliyemsaidia, na wewe ulinificha wewe mwenyewe. Haviko sawa, Nzomo.

Kwa hiyo shule zikifungwa nakuja Kibwezi na watoto. Sikuambii ni siku gani. Usifagie, usipake chokaa, usimwambie jirani anipokee vizuri. Na usiniandikie kwamba nyumba ni ndogo. Mwaka huu nimelala na watu wengi kwenye chumba kimoja na najua vile watu wanavyojipanga.

Nikifika nikakuta pampu inanguruma na wewe umesimama hapo umechafuka mafuta, nitaweka mzigo chini na sitakuuliza swali. Nikikuta kitu kingine, nitakuwa nimekuja na jembe langu, na mahali pa kulima mtu mwenye jembe hakosi.

Jana nilipita bohari kuchukua chumvi. Mahamud aliniuliza habari zako. Nilimwambia. Tulisimama tukaongea mpaka mvua ikapungua, ilikuwa muda mrefu, na nilifurahi. Nimekuandikia mimi mwenyewe ili usingoje kuambiwa na Musyoka.

Sasa kaa na hiyo, mpaka nije.

Muthoki